Neno "njoo" nililiharibu mwenyewe, ikabidi nianze na jingine

Mbwa wangu anaitwa Shaba, jike, rangi yake ndo ilimpa jina, na leo nataka kuongelea neno moja tu, "njoo". Najua wengi wakipata mbwa wanaanza na kaa, lala, leta mkono, na ni vizuri, lakini mi naona kama mbwa wako atajua neno moja tu basi liwe hilo la kumwita. Akishachomoka getini na gari linakuja, leta mkono haitamsaidia kitu.

Alivyokua mdogo alikua anakuja vizuri mno. Mtoto wa mbwa anakufata kila unapoenda, ukifunga mlango wa choo analia nje, kwa hiyo nikaona hapa kazi nshamaliza, sikufanya mazoezi tena. Alipogonga miezi saba nane hivi mambo yakabadilika, namwita, masikio yanainuka kabisa, ananiangalia, yaani kasikia vizuri tu, halafu anageuka anaendelea kunusa nyasi. Nikawa nasema mbwa huyu kawa mkaidi. Namwita mara tano mara sita na kila mara sauti inazidi kupanda.

Kuna jioni moja nikakaa nikaanza kukumbuka siku ile nzima, kila nilipotamka njoo kilifata nini. Njoo, nikamfunga. Njoo, nikambeba kwenda kuogeshwa. Njoo, nikamtoa kwenye mchezo na watoto akiwa kwenye raha yake. Njoo, nimekuta kiatu kimetafunwa, alipofika nikamfokea. Zilikua mara sita na hakuna hata moja iliyoishia kwenye kitu anachokipenda.

Hiyo ya kiatu inaniuma mpaka leo. Alikuja amejikunja, mkia kaubana katikati ya miguu, tumbo linakaribia kugusa sakafu, na mi nikasema unaona, anajua kosa lake. Hapana, alikua anasoma uso wangu na sauti yangu. Kiatu alishamalizana nacho kitambo, sa ile pale alichokua anafanya ni kunijia mimi, na kwa kunijia ndo akafokewa. Mbwa anaunganisha malipo na kitu alichofanya sekunde hiyo hiyo au moja kabla, hana namna ya kurudi nyuma nusu saa akasema ahaa, kumbe ni kile kiatu.

Si mnamjua Ivan Pavlov, yule Mrusi aliyepata Nobel mwaka 1904, tuzo yenyewe alipewa kwa kazi ya mmeng'enyo wa chakula, na mbwa wake walikua wanadondosha mate kabla hata chakula hakijafika kwa sababu kuna dalili ilikua inakitangulia. Tukisikia habari hiyo tunawaza chakula tu, lakini mtindo ni ule ule kwenye mabaya. Neno likitangulia kuoga kila siku, mbwa akilisikia anasikia maji. Njoo yangu ilikua ishakua onyo, namwonya mwenyewe kabisa kwamba nakuja kukuharibia, halafu nashangaa hafiki.

Jamaa mmoja akanambia huyo anakupanda kichwani, mlaze chini kwa nguvu umwonyeshe bosi nani. Ushauri huo umezunguka sana na ulitokana na kuwaangalia mbwa mwitu (wale wanaoitwa wolf kwa Kiingereza) waliofungiwa pamoja, wengine hata si ndugu, wakawa wanagombania nafasi. David Mech, mtafiti wa Marekani ambaye kitabu chake cha 1970 kilichangia kuusambaza huo mtazamo, mwaka 1999 mwenyewe aliandika kwamba porini kundi kwa kawaida ni baba na mama na watoto wao, familia tu. Na hata tuseme ubosi upo, we fikiria, mbwa tayari ananikwepa, nikimkandamiza chini ndo atapenda zaidi kunijia? Sikuufata.

Nikaamua njoo niizike, nitafute neno jipya lisilo na historia. Nikachagua "kwangu". Njoo ilikua na shida nyingine pia, ndani ya nyumba kila mtu ana yake, huyu anasema njoo, yule kuja hapa, mwingine wewe hebu njoo huku, na hapo hapo njoo hiyo hiyo tunawaambia watoto na watu kwenye simu siku nzima, mbwa atajuaje ipi ni yake? (Kaa nayo ni hivyo hivyo, tunaitumia kwa kukaa kitako na kwa kubaki ulipo. Mi kaa nimeiacha kwa kitako, kubaki nasema "tulia".)

Siku ya kwanza sikumwita hata kidogo. Alikua amesimama mbele yangu chumbani, hakuna mtu, redio imezimwa. Nasema kwangu, nampa kipande cha kuku wa kuchemsha, kidogo kama kucha ya kidole cha mwisho. Kwangu, kuku. Kwangu, kuku. Kama mara kumi, dakika tatu, basi tunaachana. Mara tatu kwa siku, hakuna ninachomdai, neno tu na kuku.

Siku ya nne nikataka kupima. Nikaweka mikono nyuma, nikatazama ukutani, nikasema kwangu. Hakuna kitu, katulia tu ananiangalia kiwiko. Hapo ndo nikaelewa, mkono wangu ulikua unaenda mfukoni kabla mdomo haujafunguka, kwa hiyo dalili ya kuku ilikua kiwiko, neno lilikua kelele tu za pembeni. Mbwa wanasoma mwili kwanza, maneno baadaye. Nikatoa kuku mfukoni nikaweka kwenye bakuli juu ya kabati, nikawa nasimama mikono imetulia kabisa, natamka, nahesabu moja kimoyomoyo, ndo mkono unasogea. Baada ya siku mbili nikitamka kichwa chake kinageuka kwenye kabati kabla sijafanya lolote. Nilifurahi we acha tu.

Kutoka hapo ni umbali. Hatua mbili, upande wa pili wa chumba, chumba kingine asiponiona, halafu uwanjani na kamba ndefu ya mita kumi, kamba si ya kumvuta, ni ili asije akajifunza kwamba anaweza kunipuuza na akapona. Natamka mara moja tu. Kama naona hatakuja, sitamki, naenda kumchukua mwenyewe kimya kimya, na kuoga ni hivyo hivyo, namfata alipo. Na ukimwita usimwinamie mbele ukanyoosha mikono kama unamkamata, chuchumaa au rudi nyuma haraka haraka, utaona anavyokimbilia.

Kitu kingine ambacho wengi hawakifanyi ni mkanda wa shingoni. Kuna mbwa anakuja mpaka hatua moja hivi halafu anaanza kukuchezea, ukinyoosha mkono anaruka pembeni, kwa sababu kila mkono ukigusa mkanda raha imeisha. Kwa hiyo mi anafika, nashika mkanda kwanza, kuku ndo anafata huku bado nimeshika, halafu namwachia, nenda kacheze. Hiyo nenda kacheze ni zawadi kubwa kuliko kuku! Nikimwita mara kumi, saba au nane namrudisha kwenye mchezo wake.

Kwenye kaa na lala, akishaelewa unaweza kupunguza chakula, ukampa mara moja moja na ataendelea kufanya. Kaa yenyewe haina ugumu, kipande juu ya pua unakisogeza nyuma kidogo kuelekea masikioni, kichwa kinapanda makalio yanashuka yenyewe. Lala unakishusha kutoka puani mpaka katikati ya miguu ya mbele. Lakini kwenye kumwita mi nalipa kila siku, na saa zingine nampa vipande vitano mfululizo, kimoja kimoja, bila sababu. Watu wananiambia unamdekeza. Sawa. Namwomba aache harufu zote za dunia aje kwangu, hiyo ni kazi, ina mshahara wake.

Nilivyomtoa mahali papya mara ya kwanza ilikua kama hajawahi kulisikia hilo neno. Usikasirike hapo, si kiburi, mbwa anajifunza neno pamoja na sakafu na harufu na wewe ulivyosimama, ukibadilisha vyote kwa mpigo ni kama umebadilisha na neno lenyewe. Tulirudi hatua mbili, moja, tukapanda tena, na safari hii ilienda haraka zaidi.

Mwezi wa tatu mtu akaacha geti wazi. Nilikua kibarazani, naona tu mgongo wake unatoka, huko nje kuna pikipiki inakuja, naisikia haijaonekana. Mwili wote ulitaka kumkimbiza, na nshajua ukimkimbiza mbwa unaanzisha mchezo, ye ataongeza mwendo. Nikatamka mara moja, kwangu!, kwa sauti ile ile ya mazoezi, nikageuka nikakimbilia ndani. Nadhani ni sekunde tatu nne lakini zilikua ndefu. Halafu nikasikia kucha zinakwaruza sakafu nyuma yangu, na kabla sijafika kabatini alishanipita kasimama chini ya bakuli, ulimi nje, anaangalia juu. Nikashika mkanda mkono unatetemeka, nikamshushia bakuli zima.

Paka wa jirani bado anatushinda. Shaba akimwona, kwangu haisikiki kabisa, kwa hiyo upande ule wa ukuta kamba ya mita kumi haitoki, na tunafanya mazoezi kuanzia mbali, pale anapomwona paka lakini bado anaweza kula kuku ninayempa. Wiki hii tumesogea hatua mbili.