Wikendi ya Segovia

Jamani batu ya Goma, muko aje? Mie niko huku Salamanca, Hispania, najifunza Kihispania yangu kwenye chuo cha tangu 1218, na juma yote ni maverbe tu mpaka kichwa inauma, lakini wikendi ikifika tunapanda bisi tunatoroka. Jumamosi tulienda Segovia kuona ile daraja la kupitisha maji Warumi walijenga, mawe matupu bila simenti, karibu meta 28 kwenda juu, na ingali imesimama! Mama mmoja nikamuuliza njia, akanijibu mbio mbio, nikaelewa yote, weh! Kwenye resto nguruwe mdogo wanamukata na sahani (kweli, sahani!), ngozi inalia kabisa. Juma ijayo Toledo, anayejua chakula ya bei rahisi kule aniandikie.