Vumbi Kwenye Raba

Simu ilinikuta nimeshanawa mikono kwa dizeli na sabuni ya unga, nasubiri daladala. Ilikuwa Agosti 2010. Dereva aliyepiga alikuwa amesimama njiani karibu na Engaruka na wageni sita, gari limeng'oka shokapu ya nyuma. Hakunisalimia.

"Dogo, hizi shokapu mlizifunga au mlizibandika?"

Nilikuwa na mwaka wa tatu kwenye gereji moja pale Arusha, na wiki ile nilikuwa nimeachiwa funguo. Mzee, fundi wetu mkuu, alikuwa msibani Moshi. Kabla hajaondoka alinikabidhi Land Cruiser moja ya watalii: lile toleo linaloitwa 79, pikapu kwa kuzaliwa, lililokatwa chesisi na kurefushwa, likavalishwa bodi ya viti na paa la kunyanyuka. Mbele springi za koili, nyuma za mapande, yaani vyuma virefu bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Injini 1HZ ya lita 4.2, ambayo haikuwa na shida yoyote na wala haimo katika habari hii. Malalamiko ya mwenye gari yalikuwa kwamba likipakia watu, mahema na madumu ya maji, linachuchumaa nyuma kama kuku anayetaka kutaga.

Basi nikaongeza pande moja kila upande. Gari likanyanyuka sentimita tano, likapendeza. Shokapu za zamani, yale mabomba yenye fimbo ndani yanayotuliza mtikisiko wa springi, zingekuwa fupi, zingevutika mpaka mwisho kila gurudumu linaponing'inia, kwa hiyo nikaenda dukani kutafuta ndefu zaidi. Nikapata zinazojifunga hadi sentimita 41 na kufunguka hadi 65. Nikarudi, nikalala chini ya gari, nikapima kutoka tundu la juu la kufungia shokapu hadi la chini: 53. Nikapiga hesabu kwa kijiti kwenye vumbi la sakafu. Kumi na mbili za kupanda, kumi na mbili za kushuka. Katikati kabisa! Sijawahi kuipenda hesabu kama nilivyoipenda ile. Nilifunga bolti zote nikipiga mluzi.

Dereva naye alilisifu. Alilizungusha mtaani, akaniambia limekaa kama jipya. Kesho yake akapakia wageni kwenda Ziwa Natron.

Usiku ule wa simu Mzee alikuwa ameshatua mjini. Nilipomweleza alikaa kimya kwenye laini mpaka nikadhani salio limekatika. Kisha akasema, "Saa kumi na moja alfajiri, kituo cha mafuta. Beba jeki mbili na tochi." Basi.

Anayeijua njia ile anajua: lami unaiacha Mto wa Mbu, unashika kulia, na kuanzia hapo Bonde la Ufa linakuadhibu. Ukuta wa bonde uko kushoto kwako, kulia tambarare, na katikati makorongo yanayochimbwa upya kila masika. Mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai ulikuwa umelipuka 2007 na kuendelea hadi mwaka uliofuata, na vumbi la upande ule lilikuwa laini kama unga wa mhogo. Linaingia masikioni, kwenye chai, kwenye kila ungio la gari. Mzee hakuongea njia nzima isipokuwa mara moja, tulipopita ng'ombe. Alisema ni wengi.

Gari tulilikuta kando ya korongo lenye kingo mbili kali. Wageni walikuwa wamelala kambini na gari jingine lilikuwa linakuja kuwachukua. Dereva alinipa mkono bila kunitazama usoni.

Niliingia chini kabla ya Mzee, nadhani kwa aibu. Upande wa kushoto, kishikio cha juu cha shokapu kilikuwa kimeng'oka pamoja na kipande cha bati la chesisi kilichochomelewa, na fimbo ya shokapu imepinda kama ndoana ya samaki. Upande wa kulia kishikio kilikuwa bado kipo ila kimevimba pembeni, na oili imetiririka hadi kwenye pande la chini la springi, ikanasa vumbi, ikawa uji mweusi. Nikaanza kusema kwamba shokapu zile labda ni za bandia, kwamba duka lile nililitilia shaka tangu mwanzo.

Mzee alikuwa ameshaingia upande wa pili. Hakuangalia shokapu hata kidogo. Alimulika tochi juu ya ekseli, ule mhimili unaobeba magurudumu, kwenye stopa, yale maraba manene yanayokaa chini ya chesisi ili ekseli ikipanda kupita kiasi iyagonge yenyewe badala ya kugonga chuma.

"Njoo uone," akasema. "Weka kidole."

Nikaweka. Uso wa raba ulikuwa umefunikwa vumbi, tabaka zima, laini, halina mkwaruzo. Kidole changu kiliacha alama safi nyeusi. Nikaenda upande wa kushoto, ule uliong'oka: vivyo hivyo. Korongo limekunja springi mpaka bati limeraruka, na raba iliyowekwa pale kupokea pigo hilo haijaguswa.

"Nani amepokea sasa?" akauliza.

Hapo ndipo nilipoielewa ile hesabu yangu nzuri. Niliponyanyua gari sentimita tano, raba zilibaki palepale kwenye chesisi, kwa hiyo ekseli sasa ilikuwa na safari ndefu zaidi kuzifikia: sentimita 14 gari likiwa tupu. Shokapu zangu zilikuwa na 12 tu. Hata ukikumbuka kwamba zinakaa mshazari, kwa hiyo hufupika kidogo kuliko ekseli inavyopanda, bado zilifika mwisho kwanza. Na 12 hizo nilizipima gari tupu, limesimama sakafuni. Likishapakia lilikuwa linashuka sentimita nne, na zinazobaki ni nane na kitu. Kila shimo kubwa tangu Mto wa Mbu, fimbo ile ilikuwa inagonga kitako cha shokapu kama mchi, na uzito wote wa gari unaegemea kishikio kilichotengenezwa kubeba shokapu tu, si gari.

Tulizitoa zote mbili. Mzee aliendesha mwenyewe kurudi, polepole, nyuma inayumba kama mtumbwi kwenye mawimbi, kila mtikisiko mmoja unazaa mitano.

Kesho yake gereji aliniambia nisiguse shokapu mpya mpaka nimejua ekseli inafika wapi. Tukapandisha chesisi kwenye stendi, tukafungua yubolti, zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, tukatoa mapande yote ya springi tukabakiza pande mama peke yake, lile refu linaloshikilia chesisi, tukafunga tena. Kazi ya jasho, na nilikuwa sijaelewa kwa nini mpaka nilipoweka jeki chini ya ekseli: ilipanda kama kitu cha kuchezea. Springi ikiwa kamili ungenyanyua gari zima kabla ya kuikunja. Akanifanya niipandishe mpaka raba ikagusa, kisha niendelee, raba ikibonyea, mpaka chesisi ikaanza kuachana na stendi. Kutoka kugusa hadi pale, raba ilijikunja sentimita tatu na nusu. "Hapo ndipo mwisho wa gari lako," akasema. "Shokapu lazima ibakiwe na kitu hapa." Akapima kati ya matundu, akaandika kwa chaki kwenye tairi.

Tukarudisha mapande, tukaiacha ekseli ining'inie, tukapima tena: 60. Hozi ya breki inayoshuka katikati ilikuwa imekazana kama uzi wa gitaa. Hiyo nayo sikuwa nimeiangalia. Tukaweka ndefu.

Kulikuwa na njia rahisi, kubaki na shokapu za urefu uleule na kuteremsha raba kwa karibu sentimita saba. Mzee aliikataa. Gari likipakia lingebaki na sentimita tatu tu kabla ya raba, na wageni wangekuwa wamekalia raba njia nzima badala ya kukalia springi. Akanituma nikatafute zenye kiwiliwili kifupi: zinajifunga hadi 37 na nusu, zinafunguka hadi 61. Kwenye 60 ya kuning'inia zinabaki na sentimita moja, kwa hiyo ni springi inayosimamisha ekseli, si shokapu. Kisha chini ya chesisi tukachomelea vipande vya chuma vya sentimita tatu, tukazifunga raba juu yake. Hesabu ya mwisho, gari likiwa limepakia na raba imebonyea yote, iliacha sentimita mbili ndani ya shokapu.

Kabla ya kuzifunga, alipandisha soksi ya mpira inayofunika fimbo, akaikandamiza shokapu kwa uzito wa mwili wake mpaka mwisho, akaniambia niweke alama kwenye fimbo pale ilipofikia. Nikachukua tupa. Aliniachia shokapu nzima ikaruka, akanipokonya tupa mkononi. Mkwaruzo mmoja kwenye fimbo ile unakata sili, raba inayozuia oili isivuje, na oili yote iko nje ndani ya wiki. Nikaweka alama kwa kalamu ya wino. Juu ya fimbo akafunga kamba nyembamba ya plastiki, isiyobana sana, ili isukumwe na kiwiliwili kila kinapopanda na ibaki pale kilipoishia. Nyuso za raba akazipaka chaki nyeupe.

Dereva hakutaka kwenda Natron na gari lile tena, na sikumlaumu. Alikwenda mwenzake. Siku ya tano lilirudi likiwa rangi moja kutoka bampa hadi bampa, na kabla hajazima injini mimi nilikuwa chini na tochi.

Chaki ilikuwa imefutika katikati ya raba zote mbili, duara la ukubwa wa kizibo cha chupa ya soda upande wa kulia, kubwa zaidi kushoto. Nikapandisha soksi. Kamba ilikuwa imesukumwa juu sana, moyo ukanidunda, nikaweka kidole gumba kati yake na ile alama ya wino. Kikaingia, na nafasi kidogo ikabaki.

"Vipi?" Mzee akauliza kutoka juu. Niliona viatu vyake tu.

Nikamwambia kidole kinapita.

"Basi toka, limekuja lingine la kubadilisha oili."