Mkate, samaki na matunda: tulivyokula vizuri Jambiani

Mimi ni mtu wa mkate. Niwe nyumbani Dodoma au niwe ugenini, chai isiyo na mkate wa maana hainishuki. Kwa hiyo tulipokwenda Unguja mwezi wa Disemba, mimi, mume wangu na watoto, tukakodi nyumba ndogo Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki, kwa mapumziko, jambo lililonishughulisha kuliko hata bahari lilikuwa hilo: tutakula nini, na tutakipata wapi kikiwa kimetoka majini, shambani au motoni sasa hivi.

Siku za mwanzo tulikunywa chai ya asubuhi kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa jirani. Wenyewe walikuwa wakarimu na meza ilipangika, lakini mkate ulikuwa wa kiwanda, umekatwa tayari, mweupe, una utamu-utamu, ukiutafuna unaganda kwenye kaakaa. Juisi ilikuwa ya boksi. Na huo ulikuwa msimu wa maembe! Binti yangu akaniuliza kama watu wa huku hawana miembe. Niliumia kwa kweli, nikawaza ni wageni wangapi huondoka kisiwani wakiamini hicho ndicho chakula cha Wazanzibari.

Nikamwuliza mama aliyekuwa akija kutusafishia nyumba kwamba wao asubuhi hula nini. Akaweka ufagio chini, akanipa ratiba nzima palepale. "Dada, boflo nenda dukani baada ya alfajiri, ukichelewa hupati kitu. Mkate wa ufuta ni mambo ya alasiri. Wa kumimina huo unaagizwa, hauokotwi njiani. Na samaki, we tizama maji."

Maneno hayo yalitulisha likizo nzima. Huku vijijini chakula hakikai kwenye rafu kikimsubiri mgeni. Kina saa zake, na saa zenyewe huhesabiwa kwa adhana na kwa kupwa na kujaa kwa bahari. Ukizishika, unakula vizuri kwa pesa ndogo. Ukizikosa, unarudi kwenye mkate wa kiwanda.

Nikaanza na boflo. Ni mkate mfupi, mrefu kidogo kuliko kiganja, ganda lake linashika rangi na ndani ni laini. Huletwa dukani kukiwa bado na kigizagiza, kijana na pikipiki yake, mikate imejaa kwenye kisanduku nyuma. Mwenye duka alinifundisha kuuchagua: ubonyeze kidogo, ganda likipasuka kwa sauti, ni wa leo, likinywea tu, ni wa jana. Hauna dawa ya kuuhifadhi, kwa hiyo ikifika mchana umekwisha kukakamaa, na wenyeji hawautupi, wanauchovya kwenye chai. Sisi tulikula wa moto na maharage ya nazi ambayo mama mmoja jirani na duka huyauza kwenye sufuria. Mume wangu, ambaye nyumbani hawezi kuanza siku bila mayai, hakuyauliza tena.

Lakini mkate ulionifanya niandike haya ni wa ufuta. Nilielekezwa kwa bibi mmoja anayepika uani kwake, njia ya ndani, mbali na ufukwe. Nilijifunga kanga yangu vizuri, nikabisha hodi, nikamwamkia. "Marahaba mwanangu, karibu, lakini moto bado haujawaka." Nikaomba nikae nimtazame. Hakukataa, akanisogezea kibao cha mbuzi nimkunie nazi.

Unga wake ni wa ngano, na maji yake ni tui zito. Anatia hamira, chumvi, yai, anaupiga kwa mkono mpaka unavutika, kisha anaufunika uumuke. Unga unabaki mzito wa kumwagika, si wa kusukuma. Kikaango chake ni cha chuma, kizee, kimekolea weusi. Kikipata moto analowesha kiganja kwa maji, anachota donge, analitandaza kikaangoni kwa vidole mpaka lifike ukingoni, ananyunyiza ufuta juu. Upande wa chini ukishika, ndipo anapofanya lile lililonishtua mara ya kwanza: anakigeuza kikaango kizima, uso wa mkate unaangalia makaa, anakishikilia hewani akikizungushazungusha. Mkate haudondoki. Juu unatoa malengelenge, yanaiva kahawia, ufuta unanukia uani kote. Akiurudisha, anaung'oa kwa kisu pembeni, anaupaka samli, anauweka kwenye kawa. Nikamwuliza kwa nini hatumii vikaango vipya vya siku hizi visivyogandisha. Akanijibu, "Mwanangu, chuma kisichoshika mkate kitaumwaga wote motoni."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nilipojaribu kuupika nyumbani ulinishinda. Kikaango changu hakigandishi, ni kizuri mno kwa kazi hii.

Baada ya hapo tulikuwa tukienda kwake karibu kila siku. Nilikuwa nikipeleka neno asubuhi, mikate mingapi tunataka, kisha tunaifuata baada ya sala ya alasiri. Hilo la kupeleka neno mapema naona ni adabu na pia ni busara: mtu anaumua unga kwa kadiri ya walioagiza, na asiyeagiza hupata baki, ikibaki.

Sasa samaki. Jambiani, kama Paje na Bwejuu, ina uwanda mpana wa maji machache kati ya ufukwe na mwamba, na maji yakipwa bahari inaondoka kabisa mbele ya macho yako. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukauka kwenye saa nne asubuhi, yakajaa tena kama saa kumi alasiri. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50, kwa hiyo ratiba ya jana haikufai leo. Wiki ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanakuwa kinyume. Wageni wengi huona kupwa kama hasara, hawana pa kuogelea. Wenyeji ndio wanaingia kazini. Kina mama wanakwenda kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza kibiashara pande hizi mwaka 1989, na wengine, wanawake kwa wanaume, wanatembea mpaka mwambani kutafuta pweza kwa kijiti cha chuma. Wanaporudi na pweza mkononi, maji yakiwafuata nyuma, hiyo ndiyo saa ya kununua. Muombe muuzaji akupigie hapohapo kwenye jiwe, maana pweza asiyepigwa ni wa kutafunwa mpaka kesho. Vipo vijiji vya Unguja na Pemba ambavyo hufunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kama mitatu ili pweza wakue, na jambo hilo linanifurahisha sana. Kwa hiyo ukiambiwa pweza hawapo, usimlalamikie mtu, uliza wanafungua lini.

Ngalawa nazo hurudi maji yakijaa. Pale dikoni, zinapotua ngalawa, samaki hunadiwa, na wakubwa, jodari, nguru, kolekole, huchukuliwa haraka na wachuuzi wa mahoteli na wa mjini. Hao sikuwagombania. Nilisimama kando mpaka mnada ukapoa, nikamwamkia mzee aliyekuwa akinadi na kumwambia nataka kitoweo cha nyumba moja tu. Akanitolea mtungo wa changu na tasi, akaongeza na pono mmoja wa kibuluu ambaye watoto walikataa kuamini kwamba ni wa kuliwa. Nilimtazama macho, maangavu, nikafunua mashavu, mekundu. Akabanikwa kwa ndimu na pilipili jioni ileile, tukamla na mkate wa ufuta kwa kuchovya kwenye mchuzi wa nazi. Hakuna mkahawa wa ufukweni uliotupa kitu cha kukaribia hicho, na bei ya sahani moja kule ilitosha mtungo mzima.

Matunda yalihitaji akili nyingine. Upande huu wa mashariki ni ardhi ya mawe, udongo ni kidogo sana juu ya matumbawe ya zamani. Mihogo, mipapai na minazi inavumilia, lakini miembe mikubwa, mishokishoki na mifenesi iko zaidi magharibi na katikati ya kisiwa, kwenye udongo mnene. Ndiyo maana embe likifika Jambiani limekwisha panda gari na bei imepanda nalo. Siku tuliyokwenda mjini, wakati wa kurudi tulishuka soko la Mwanakwerekwe, ambalo liko njiani kabla hujaelekea Tunguu na Jozani, tukajaza kapu: embe dodo na boribo, shokishoki zikiwa bado na vitawi vyake, mananasi, ndimu, ndizi za mkono wa tembo. Embe nilichagua za kula leo na za kula keshokutwa, kwa kunusa kwenye kikonyo. Karoti na kabichi nazo zipo, ila nyingi ya mboga za aina hiyo hutoka bara, nilizila Dodoma wiki iliyopita, sikuona sababu ya kuzifuata ng'ambo ya bahari. Badala yake nilinunua mchicha, kisamvu na majimbi.

Na mashelisheli, yale matunda ya wanga yanayopikwa kama viazi. Nawasihi wanaokwenda Unguja wasiyapite. Lichemshe kwa tui na chumvi, au likate vipande vyembamba ulikaange, linashibisha kama mkate na watoto hulimaliza. Siku tuliyoamka tumechelewa na boflo ikawa imekwisha dukani, shelisheli ndilo lililotuokoa.

Mkate wa kumimina tuliuweka kwa ajili ya Ijumaa. Huu ni wa mchele, na mchele lazima ulale ndani ya maji usiku kucha, ndiyo maana hauombwi siku ileile. Yule mama wa usafi akanipeleka kwa wifi yake, nikaacha pesa kidogo mbele ya kununulia vitu. Mchele unasagwa na tui, hamira na hiliki mpaka unakuwa uji laini, unatiwa sukari, ukishaumuka unachanganywa na ute wa yai, kisha unamiminwa kwenye sufuria iliyopakwa mafuta ikapata moto. Makaa chini kidogo, makaa juu ya kifuniko mengi. Ulitoka umevimba, juu kahawia, ndani una vitundu vidogovidogo, unanukia hiliki. Tulipewa na robo ya ziada ya kwenda kula na wenzetu.

Mkate wa ufuta unasafiri ukipewa nafasi. Usiutie kwenye mfuko wa nailoni ungali moto, utatoka jasho na kulowa. Usubiri upoe, uufunge kwa kitambaa cha pamba. Siku ya pili unakuwa mgumu, unyunyizie maji kidogo na kuurudisha kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo, unafufuka. Wa kumimina wenyewe haungoji, kwa joto la pwani ule siku hiyohiyo au asubuhi yake.

Kwa anayepanga kwenda mwezi wa Ramadhani, ratiba hii inahama. Mchana usitafute chakula njiani na usile hadharani, nunua vyako usiku na uviweke ndani. Mkate wa ufuta huwa ndio mwezi wake, kila nyumba inautaka kwa futari, kwa hiyo neno lako lipeleke kwa mpishi jana yake, na uufuate mapema kabla ya magharibi, maana adhana ikikaribia wote wanakwenda kwao.