Mi nampenda Lilanga asiye na rangi

Ukisema George Lilanga, yule msanii wetu wa Tanzania, watu wanawaza zile picha za rangi kali, zile ambazo kila duka la watalii hapa Dar lina kopi zake zimetundikwa mlangoni. Sawa, nzuri. Ila mi naomba nibishe kidogo, Lilanga mtamu ni yule wa chapa za nyeusi na nyeupe, yaani picha zinazochapwa kwa bamba la chuma, alizokuwa anazitoa enzi zile za Nyumba ya Sanaa, kile kituo cha wasanii Upanga, ambako mzee alianzia na ulinzi jamani, mlinzi!

Hebu itazame moja taratibu. Jamaa ana masikio kama ungo, tumbo limetangulia, vidole viwili vitatu basi, mguu unaanzia kwake afu ukiufuatilia unajikuta umefika kwenye kichwa cha mwenzake, hakuna chini hakuna juu, wamebanana mpaka pembeni na wote wanacheka. Ni ndoto kabisa yaani, ile unaona sura huijui ila unajua tu huyu ni jirani yetu. Viumbe hawa ndo wanaitwa mashetani, na watu wakisikia mashetani wanaogopa, sasa haya mashetani yanafanya nini? Yanabeba maji, yanapiga ngoma, yanapiga umbea. Sisi hao. Na kwenye rangi hulioni hilo haraka maana macho yanaishia kwenye njano na nyekundu, huku kwenye nyeusi na nyeupe lazima uulize huu mkono wa nani.

Na kazi yenyewe si ya kitoto aisee. Unalipaka nta bamba la zinki au shaba, unachora kwa sindano, unalizamisha kwenye tindikali inakula pale tu ulipokwaruza, unatoa nta, unapaka wino unaufuta ubaki kwenye mikwaruzo, karatasi yenye unyevu juu, mashine inagandamiza, na picha inatoka imegeuka, kushoto imekuwa kulia. Mzee alikuwa Mmakonde wa kusini, mchongaji kwanza, na mpingo ukishautoa kipande hauna rivasi, ndo maana nadhani mstari wake hautetemeki hata kidogo.

Alifariki 2005 hapahapa Dar, kisukari kilishamchukua miguu na bado alikuwa anafanya kazi.

Kama kwenu sebuleni ipo moja halisi, pembeni ya picha utaona karatasi imebonyea pale bamba lilipokandamiza, basi itoeni kwenye ukuta unaopigwa jua, na fundi fremu akitaka kuikata kidogo ili iingie, mnyang'anyeni mkasi.