Dakika 18 na ndizi za mama

Kutoka Usa River mpaka Arusha mjini asubuhi, kama hakuna foleni pale Tengeru, namaliza hotuba mbili na robo za TED, zile hotuba fupi za wataalamu wanazozirekodi kwenye mikutano yao na kuziweka mtandaoni. Siku za soko, Jumatano na Jumamosi, zinafika tatu kamili maana malori yanajaa barabarani kama yana harusi. Nazishusha jioni kazini kwa waifai ya bosi (samahani bosi), asubuhi naweka hedifoni, naegemea dirisha, basi, mimi na wataalamu wangu. Leo mtu wa ubongo, kesho mtu wa akili bandia, keshokutwa mmama anakufundisha kuacha kuahirisha mambo, na huyo wa kuahirisha nimemuahirisha mara nne.

Nafanya hivi mwaka wa sita sasa na kwa muda mrefu nilijiona msomi kabisa, yaani nashuka pale stendi kichwa kimejaa. Mpaka nikaanza kumsimulia mama.

Ilianza hivi hivi tu, jioni moja tunamenya ndizi jikoni, mama kapaka mafuta ya kula mikononi utomvu usimgande, mimi nimejisahau sijapaka na vidole vishakuwa vyeusi kama nimegusa grisi, akaniuliza we kila siku unasikiliza nini humo masikioni, mahubiri? Nikasema hapana mama, ni watu waliosomea vitu, wanapewa dakika 18 mwisho, wanasema walichonacho wanashuka. Akasema haya na wewe sema. Nikafungua mdomo niseme ile ya asubuhi na, jamani, sikuwa na kitu. Nilikumbuka koti la yule baba, nilikumbuka watu walicheka wapi, nilikumbuka kwamba mwishoni nilisikia vizuri moyoni. Alichosema hasa? Sifuri. Mama akaendelea kumenya.

Toka hapo nikajiwekea utaratibu, ninayoipenda lazima nimsimulie jikoni kwa Kiswahili, bila yale maneno yao. Nyingi hazifiki hata nusu.

Mfano ile ya kusimama kishujaa. Amy Cuddy, 2012, alikuwa mwalimu pale chuo kikuu cha Harvard, Marekani, hotuba imetazamwa na mamilioni ya watu. Anasema kabla ya jambo la kutisha jifungie mahali dakika mbili, simama umejitanua, mikono kiunoni au juu, homoni zinabadilika na unakuwa jasiri. Mimi hii niliifanya kweli jamani, na naomba mtu asinicheke. Nilikuwa na intavyuu kwenye ofisi moja mjini, nikaingia chooni kwao, nikasimama miguu kando ya tundu, mikono juu kama nimeshinda marathoni, huku ndoo ya maji inanitazama na dada wa usafi anagonga mlango anauliza kama niko salama. Nikaingia kwenye intavyuu kifua mbele wakaniuliza maswali ya hesabu za stoo ambayo sikuyajua, kazi wakampa mwingine.

Baadaye ndo nikaja kusoma kwamba ule utafiti wenyewe wa 2010 ulikuwa na watu 42 tu. Wengine wakaurudia na watu 200, hayo mabadiliko ya homoni hawakuyaona, ila watu walisema wamejisikia wana nguvu. Na 2016 mwenzake aliyeufanya naye, Dana Carney, akaandika waziwazi kwamba yeye haamini tena kama hicho kitu kipo. Cuddy mwenyewe bado anaitetea ile ya kujisikia. Nilipomsimulia mama alisikiliza mpaka mwisho afu akauliza, "Sasa ukishanyoosha mikono, unachoulizwa unakijua au hukijui?" Hotuba ikafia pale kwenye sufuria.

Nyingine ziliponea chupuchupu. Ila mbili zimekaa, na hizo ndo nataka kuzisema.

Ya kwanza inaniuma kidogo mpaka leo. Juni 2007 TED walileta mkutano wao kwetu. Arusha! Tena sio mjini, ni huku huku Ngurdoto, kwenye ile hoteli kubwa, kwa pikipiki kutoka nyumbani hata chai haipoi. Mimi nilikuwa fom tuu, naamka kuchota maji na kukimbilia namba shuleni, na hapo juu kidogo walikuwepo watu wa dunia nzima. Yupo Ngozi Okonjo-Iweala wa Nigeria anaongelea uchumi wa Afrika, yupo George Ayittey wa Ghana anagawa Waafrika kwenye duma na viboko, vijana wanaokimbia na wazee waliokaa kwenye matope yao hawataki kutoka, yupo Andrew Mwenda wa Uganda anaponda misaada ya wazungu mpaka Bono, yule mwanamuziki wa Ireland, akawa anampigia kelele kutoka kwenye viti. Sisi huku tuliona magari tu. Tulidhani ni mkutano wa serikali, maana kwetu magari mengi yakipita ni mkutano wa serikali au msiba wa mkubwa. Miaka zaidi ya kumi baadaye naangalia video kwenye simu, naona neno Arusha pale nyuma ya jukwaa, nikapiga ukelele ndani ya daladala, konda akadhani nimepitilizwa kituo.

Na kwenye jukwaa hilo hilo alipandishwa kijana wa miaka 19 kutoka Malawi, William Kamkwamba. Wala hakutoa hotuba, alikuwa anaulizwa maswali kwa dakika chache, Kiingereza kinamkataa, mtu unaona kabisa anatetemeka. Huyu aliacha shule kwa kukosa ada mwaka ule wa njaa kubwa kwao, 2002, akawa anaenda maktaba ya kijijini, akakuta kitabu chenye picha ya kinu cha upepo. Ndo akaanza kuokota. Feni ya trekta, fremu ya baiskeli, mabomba ya plastiki, nguzo za mikaratusi, mpaka taa zikawaka kwao. Umri wake miaka 14! Baada ya Arusha watu wakamchangia, akarudi shule, mwisho akahitimu chuo cha Dartmouth, Marekani, 2014.

Mama hii aliishika kama ametumwa. Kisu kikasimama. Akaanza maswali: baba yake alimwacha tu achukue baiskeli? Mama yake alisemaje, hakumwona kama amechanganyikiwa? Siku za njaa walikula mara ngapi? (Mara moja kwa siku, nikamwambia, usiku, matonge machache.) Huo mkaratusi ulikuwa wa nani, maana huku ukikata mkaratusi wa jirani ni kesi ya kwa mwenyekiti. Nusu ya maswali sikuwa na majibu, ikabidi niende nikatafute, yaani kitu cha dakika chache kimetuchukua jioni tatu na ndizi zikachelewa zote tatu.

Ya pili ni ya Jill Bolte Taylor, 2008. Huyu ni mwanasayansi wa ubongo, na Desemba 1996, ana miaka 37, mshipa ukampasuka kichwani upande wa kushoto. Kiharusi. Akawa anajitazama anavyopotea, mkono wa kulia unakufa, anataka kupiga simu kazini namba haijui tena, anapekua bizinesi kadi moja moja kuitafuta, dakika 45 hata rundo hajalimaliza, na anapopata mtu wa kuongea naye mdomo unatoa sauti kama ya mbwa. Walikuja kumtoa bonge la damu kama mpira wa gofu, na kupona kabisa kulimchukua miaka minane. Sehemu kubwa ya hotuba ni ile raha aliyoisikia huko ndani, amani, kuwa kitu kimoja na ulimwengu, na ukumbini watu wanalia. Mama hiyo raha hakuijali hata kidogo. Yeye alinyamaza, afu akasema, "Ndivyo alivyokuwa baba yako mdogo na kile kijiko."

Baba mdogo aliamka mdomo umeenda pembeni, anashika kijiko kinaanguka, anaokota kinaanguka, anaongea hasikiki, na sisi wote, mimi na hedifoni zangu nikiwemo, tukakubali kuwa ni upepo mbaya. Akapakwa mafuta, akaombewa, hospitali tumeenda kesho yake mchana. Yupo hai, mkono ndo haukurudi. Mama akaniuliza tungejua tungefanyaje. Nikamwambia uso, mkono, maneno, ukiona kimoja kimeharibika ghafla ni kukodi gari saa hiyo hiyo, maana kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ambayo ikipita masaa manne na nusu hivi haifai tena, na hata kabla ya kupewa lazima kichwa kipigwe picha kwanza, wajue ni kuganda au ni kupasuka. Na presha ipimwe kabla ya yote hayo.

Jumapili iliyopita nimempeleka mama kwenye kikoba chao, wamemaliza kuhesabu hisa, chai inapita, mama akasimama. Bila kutumwa na mtu. Akashika shavu lake akalivuta chini, akaulegeza mkono, akawaambia wenzake uso, mkono, maneno, gari. Wamama kimya kabisa. Akawasimulia yule mwanamke daktari wa ubongo aliyepasukiwa na mshipa peke yake nyumbani, pale Moshi, wakamtoa bonge la damu kama limau. Mmoja akauliza Moshi sehemu gani. Mama akanitazama mimi.

Nikasema maeneo ya Shanty Town.