Asubuhi ya R1 na R6

Jana usiku mtoto wa dada kanitumia picha mbili kwenye simu, bila salamu wala maelezo. Ya kwanza R1, ya pili R7, zote pikipiki za Yamaha. Chini yake kaandika: "Mjomba, nichukue ipi?" Mimi ndiye mjomba wa kuulizwa mambo hayo, kwa kuwa ukoo mzima waliobaki wana akili.

Ningeweza kumjibu kwa hesabu. R7 ina silinda mbili, injini ya cc 689, nguvu za farasi 73 hivi. R1 ina silinda nne, cc 998, farasi mia mbili. R7 ilipotoka mwaka 2021, Marekani iliuzwa dola 8,999, wakati R1 ya kawaida ilikuwa imeshapita dola 17,000. Uzito zinapishana kilo kumi na kitu tu. Mtu akizisoma namba hizo chini ya kiyoyozi, jawabu analiona limekaa mbele yake. Mimi nikaiweka simu chini, na akili ikanirudisha Wadi Adai, Oman, mwezi wa sita mwaka 2012, jasho linanitiririka ndani ya helmeti.

Pesa nilikuwa nazo. Nalisema mapema hili, maana kila nikisimulia watu hunionea huruma, wakidhani mfuko ndio ulioamua. Pesa ya R1 ilikuwa kamili, nimeiweka riali juu ya riali, na mtoto wa ami alikuwa ameshaanza kuwaambia watu kwamba tumenunua. Yeye husema "tumenunua" hata kwa kitu asichokitolea baisa.

Fundi mmoja wa Wadi Kabir, mtu wa Kerala, alikuwa nazo mbili gerejini kwake, zimeachwa na wenyewe waliorudi kwao: R1 ya 2009, nyeupe, chesisi yake nyekundu, na R6 nyeusi, mdogo wake R1, iliyokuwa imeitangulia mwaka mmoja. Fundi akatwambia kwa Kiarabu chake cha gerejini tuzijaribu zote, ila kabla ya saa mbili asubuhi tuwe tumerudi, jua halijakasirika. Tukasali alfajiri, tukaondoka. Mtoto wa ami akapanda R6, mimi R1, na makubaliano ni kwamba tukifika Amerat tunabadilishana.

R1 ile ukiiwasha haitoi ule mlio mmoja mwembamba uliozoeleka kwa silinda nne za Kijapani. Mwaka 2009 Yamaha waliipa kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, ambayo pini zake zimepishana kwa robo ya duara, kitu walichokitoa kwenye pikipiki yao ya mashindano, M1, kwa hiyo silinda haziwaki kwa nafasi zilizolingana. Inanguruma, inasita, inanguruma. Mtoto wa ami, ambaye dini yake ya pili ilikuwa Valentino Rossi, bingwa wa mashindano ya pikipiki, alipousikia alisimama tu pale gerejini, helmeti mkononi, hana la kusema. Si kawaida yake.

Barabara ya Wadi Adai inapita katikati ya korongo, mawe meusi kushoto na kulia, na saa ile haikuwa na gari. Mlio ulikuwa ukigonga mwamba na kunirudia. Nilikwenda taratibu, najifunza klachi, najifunza breki. Halafu korongo likafunguka, barabara ikanyooka ikipanda, nikiwa bado gia ya kwanza. Nikavuta mafuta, na si yote, labda nusu ya mkono.

Watu huuliza kuhusu kasi. Kasi sikuiona, macho yangu hayakuwa kwenye dashibodi. Nilichokiona ni kibao cha barabarani kilichokuwa mbali, mara kimenipita, na katikati yake sikumbuki kitu. Mikono ilivutwa mpaka mabegani, tairi la mbele likawa jepesi, kana kwamba linafikiria jambo jingine. Nikarudisha mafuta. Kila kitu kikatulia, injini ikaendelea kunguruma kwa adabu, haijatoka hata jasho. Na hapo ndipo iliponiingia: mkono wangu ulikuwa bado na nusu nzima ya kuvuta, mguu wangu ulikuwa bado na gia tano za kupandisha, na barabara ndiyo ilikuwa imekwisha. Pikipiki ile inapita kilomita 120 kwa saa, kikomo cha barabara kuu za Oman, ikiwa gia ya kwanza. Hizo nyingine tano ni za nini, na za wapi?

Nilifika kwenye taa za Amerat moyo unadunda, nusu furaha na nusu kitu nisichotaka kukitaja mbele ya mtoto wa ami. Taa nyekundu. Jua lilikuwa limeshachungulia. R1 za miaka ile ekzosi zake zinapanda na kupita chini ya kiti, na feni ya rejeta ikianza kuvuma unapuliziwa hewa moto miguuni. Taa haikugeuka. Nilikuwa nimekalia jiko la mkaa, nimevaa ngozi, katika nchi ambayo mwezi wa sita saa moja na nusu tayari unatafuta kivuli. Mtoto wa ami akasogea pembeni yangu, akafungua kioo, akacheka.

Tukabadilishana.

Ya R6 nitaisema kwa ufupi, ingawa ndiyo niliyoinunua. Mwanzo niliiona bure kabisa. Chini ya mizunguko elfu nane ya injini kwa dakika ilikuwa haina hamu na mtu. Kwenye raundabauti ilinizimikia, gari ya nyuma ikanipigia honi. Kwa mjini, wallahi, R1 ilikuwa pole zaidi, na hili wauzaji wa maneno ya "anza na ndogo" hawalisemi. Lakini tulipoishika njia ya Quriyat nikaiacha ipande, elfu tisa, elfu kumi, na pale kumi ikageuka kiumbe kingine. Mshale unakwenda mpaka elfu kumi na sita na ushei, na mlio wake ni ukelele. Gia ya kwanza nikaimaliza. Nikaimaliza kweli, mpaka mwisho, nikapandisha ya pili, nikawa nimeshaukaribia ule mwendo wa kupigwa picha na rada. Nilikuwa nimeitumia. Nilicheka peke yangu ndani ya helmeti.

"R6," nikamwambia tuliposimama.

"Umeogopa."

"Sijaogopa. Ile siimalizi."

"Nani kakwambia uimalize?"

Sikuwa na jawabu, na mpaka leo sina lililo zuri. Wiki ile ile akakopa, akaichukua R1 yeye, akaibandika 46 mbele, namba ya Rossi.

Bi mkubwa alitoka nje na kanga yake kuja kuitazama ya kwangu. Akaizunguka. "Hii ndiyo ile ndogo?" Nikamwambia ndiyo, mama. "Alhamdulillahi," akasema, na usiku ule alilala vizuri. Sikuona haja ya kumweleza kwamba hiyo ndogo nayo inapita 250. Udogo wa R6 unaonekana ikisimama karibu na R1 tu. Ukiipeleka kokote pengine ni balaa kamili. Hata huyu mpwa wangu akidhani R7 yake ni mrithi wa R6 atakuwa hajaelewa, maana injini ya R7 imetoka kwenye MT-07, pikipiki nyingine ya Yamaha, nguvu zake ziko chini na katikati, haikudai elfu kumi ndipo ikusikilize. R6 ya barabarani Yamaha waliacha kuiuza Ulaya baada ya 2020. Ile ndogo yenye kichaa cha mkubwa haipo tena dukani.

Tafauti ya bei ilinunua glavu, viatu na tairi mbili, na iliyobaki ilikwenda Unguja ikawa mabati ya nyumba ya bibi. Huko hakuna aliyejua kwamba mabati yale yalikuwa farasi hamsini na kitu niliowaacha Wadi Kabir. Nikijisikia vibaya hujikumbusha mabati. Nikijisikia vizuri hujiambia ningeyatuma tu hata kama ningenunua kubwa, jambo ambalo si kweli.

Basi ikawa Ijumaa alfajiri tunakwenda Quriyat. Kwenye nyoofu mtoto wa ami alikuwa akivuta mara moja tu, anakuwa nukta, na mimi simlaumu, hiyo ndiyo pesa aliyolipa. Nilikuwa na imani yangu kwenye kona. Kila mtu alikuwa ameniambia: ndogo nyepesi, kwenye kona utamkuta. Nikamtafuta kwenye kona za mwanzo. Nikamtafuta kwenye zile za mlimani. Nilimkuta sheli ya Quriyat, ameshavua glavu, ameshaagiza chai ya karak.

Siku moja nikamwambia tubadilishane. Nilitaka kujua, basi tu. Nikapanda R1, yeye R6, na nikaondoka mbele. Kwenye nyoofu nilimwacha kidogo, si sana, maana mkono wangu ulikuwa na yale mazoea yake ya kuishia nusu. Milima ilipoanza nikausikia ule ukelele nyuma yangu, juu ya elfu kumi, haushuki. Akanipita kwa ndani ya kona, na pikipiki yangu mwenyewe, goti karibu lifute lami, akapotea.

Nilipofika sheli chai yangu ilikuwa mezani. Akanirudishia ufunguo.

"Hii yako nzuri bwana," akasema. "Siku moja uiendeshe."