Kisutu chini ya bafta

Mwaka 1986, nikiwa na miaka mitano ya ndoa na minane ya uigizaji, nilipewa kwa mara ya kwanza kucheza mjane. Hadi wakati huo nilikuwa nimeshacheza mchumba, mke mdogo, mtumishi mwenye mdomo, na mara moja jini la kike katika mchezo wa redio, ambalo majirani zetu wa Michenzani walilikumbuka kuliko kazi zangu nyingine zote. Mjane hakunitia hofu, kwa kuwa maneno yake yalikuwa machache na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kukaa juu ya mkeka na kulia. Hofu ilinisubiri nyumbani.

Tulikuwa tukiishi na mama mkwe wangu, na mume wangu alikuwa baharia katika jahazi lililochukua mizigo baina ya Malindi, bandari ya hapa mjini Unguja, na Wete, Pemba. Siku niliyorudi kutoka mazoezini na kipande cha bafta, kitambaa cheupe cha pamba, nilichopewa nikakipinde mwenyewe, yeye alikuwa na siku sita safarini na kusi lilikuwa likivuma kwa nguvu. Mama mkwe alikuwa sakafuni akichagua mchele. Alikitazama kile kitambaa, akakipapasa kwa vidole viwili, akauliza nani kafa.

Nikamwambia hajafa mtu, ni mchezo wa televisheni, nami nakaa eda.

Akauweka ungo chini. "Eda ya nani?"

"Ya mume, Mama."

"Mumeo yuko baharini, nawe unaleta bafta ndani ya nyumba yake? Usinichurie mwanangu."

Sikuwa na la kujibu upesi, maana bafta ndiyo inayokatwa sanda, na mimi mwenyewe nilipokuwa nikiibeba njiani nilikuwa nimeikunja ndani ya buibui ili watu wasiione. Hata hivyo nilijua mlango mmoja wa kumwingilia. Mama mkwe hakuwa mtu wa kuona sinema ni upuuzi. Katika ujana wake hakukosa maonyesho ya wanawake peke yao, yaliyowajaza kina mama na watoto wao katika majumba ya sinema ya mjini, na filamu za Kihindi alizisimulia kwa mpangilio ambao watayarishaji wetu wangeuonea wivu. Juu ya waigizaji wote alimpenda Nargis. Alipofariki Nargis, Mei 1981, mwezi ule ule nilipoolewa, bibi huyu alinyamaza siku nzima kana kwamba kafiwa na shoga yake, nami bibi harusi mgeni nikadhani nimemkosea.

Kwa hiyo nikamkumbusha "Mother India". Katika filamu ile ya mwaka 1957, Nargis alikuwa mama, na Sunil Dutt akawa mwanawe mtukutu ambaye mwishowe mama huyo huyo anampiga risasi. Mwaka uliofuata, huyo aliyekuwa mwanawe akamuoa. "Basi, Mama," nikasema, nikijiona wakili, "kama ya mchezoni yangekuwa ya kweli, ndoa ile ingekuwaje halali?"

Mama mkwe akanitazama kwa huruma ambayo walimu huwa nayo kwa mwanafunzi aliyesoma nusu ya ukurasa.

"Na moto je?"

Nilikuwa nimeusahau moto. Walipokuwa wakipiga picha za filamu ile huko Gujarat, nyasi kavu zilitiwa moto kwa ajili ya mchezo, upepo ukageuka, na Nargis akazingirwa hasa. Aliyerukia ndani kumtoa alikuwa Sunil Dutt, akaungua yeye pia, na wanasema mapenzi yao yalianzia katika majeraha yale. "Moto ulikuwa wa mchezo," akasema mama mkwe, "ukageuka wa kweli. Upepo tu. Nawe unaniambia kusi hili halina neno?" Halafu, kabla sijakusanya akili, akaongeza kwamba huyo Nargis ninayemtolea mfano alipoolewa alikaa nyumbani. Nikasema alirudi, akacheza "Raat Aur Din" ya mwaka 1967 na akapewa tuzo. Akasema alirudi mumewe akiwa nchi kavu.

Nilishindwa, na niliona nimeshindwa kihalali. Nikaikunja bafta, nikamwambia kesho nitairudisha nimwachie mwenzangu kazi ile.

Usiku, baada ya sala ya isha, niliona taa ya chumba chake inawaka. Alikuwa amefungua kasha lake, ambamo pamoja na vitu vyake alituhifadhia na vyetu, na mkononi ameshika kisutu changu cha harusi, chekundu na cheusi na cheupe, kinachonukia udi wa miaka mitano. "Bafta itakaa juu," akasema. "Mwilini utavaa hiki. Malaika wakija kuuliza, uwe na cha kuwaonyesha." Akaweka na masharti: nisilitaje jina la mume wangu wa mchezoni, niseme marehemu tu, na ninawe uso kabla sijatoka mlango wa studio.

Nikadhani yamekwisha. Akaniambia nikae, nimwonyeshe huyo mjane wangu.

Nilikaa juu ya mkeka nikalia kama tulivyokubaliana mazoezini, kwa sauti, kichwa kikienda huku na huku. Aliniacha nikafika mwisho. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba mtu halii vile isipokuwa siku ya kwanza, tena watu wakiwapo. Yeye alikuwa amekaa eda ya baba mkwe wangu miezi minne na siku kumi, na muda mwingi, alisema, hakulia. Alikuwa akikaa ubavu, mgongo kwa mlango, kwa sababu ukiutazama mlango unamngoja mtu. Na mkono wake wa kushoto ulikuwa ukichomoachomoa ukili kwenye ukingo wa mkeka, hata eda ilipokwisha mkeka ulikuwa umefumuka upande mmoja. Akakaa kunionyesha. Kidole chake kilitafuta ukili bila macho kukifuata. Tangu siku ile nimeelekezwa na watu wengi, wengine wenye vyeti, na sijapata tena somo la namna ile.

Tulirekodi siku mbili baadaye. Chini ya taa za studio palikuwa na joto la tanuri, na feni zilikuwa zimezimwa kwa sababu ya mlio wake. Mimi nina kisutu, juu yake bafta, na juu yake ushungi. Niligeuza mgongo kwa mlango wa bandia, mtayarishaji akataka kunikataza kwa kuwa uso ulikuwa unapotea upande mmoja, kisha akanyamaza. Mkono ukaanza kufumua mkeka. Jahazi lilikuwa bado halijaonekana Malindi, na siwezi kusema kwa ukweli kwamba machozi yale yalikuwa ya kazi.

Jambo ambalo hakuna aliyelitambua ni jasho. Bafta ni nyepesi. Ilipolowa ikagandamana nami, na kisutu kikaanza kujitokeza begani na pajani. Mpiga kamera hakukiona, kwa kuwa kioo kidogo alichochungulia kilikuwa cha nyeusi na nyeupe, na waliokaa chumba cha pili macho yao yalikuwa usoni pangu. Lakini televisheni yetu ya Zanzibar ilikuwa ya rangi tangu ilipoanza miaka ya 1970, jambo tulilojivunia sana mbele ya ndugu zetu wa Bara, ambao walisubiri hadi mwaka 1994 kupata kituo chao cha kwanza.

Mume wangu alifika siku ya tatu baada ya kurekodi, mzima, na gunia la mihogo. Walikuwa wamejibanza Pemba wakingoja upepo utulie. Mchezo uliporushwa tulishuka sote kwa jirani wa chini aliyekuwa na seti. Chumba kilijaa hadi mlangoni. Yeye alikaa mbele kabisa, akijitazama analiliwa, na mara mbili alijikohoza bila ya kuwa na kikohozi. Mama mkwe alikaa juu ya kiti peke yake, midomo ikitangulia maneno yangu. Ilipofika sehemu ya mkeka chumba kizima kilikuwa kimya, na hapo begani pangu, kupitia bafta, wekundu ukachomoza waziwazi, na alama zake zinasomeka.

"Ala!" akasema mwenye nyumba. "Mbona mjane kavaa kisutu?"

Mama mkwe hakugeuza hata shingo.

"Kwani mumewe kafa?"